Darubini Moja kwa Ndugu Wawili

"Umeichezea. Nimekuachia inaona vizuri, sasa—"

"Nimeichezea nini, na wewe ndiye uliyekuwa umeikumbatia kama—"

"—sasa naona maziwa matupu, Kaka, maziwa—"

"—kama mtoto mchanga, halafu mimi ndiye niliyeichezea?"

"Weka nyundo chini."

"Siweki."

Naam. Kama gazeti la wiki iliyopita limeshafungia misumari, nakukumbusha. Tulimwacha Cheche, fundi wa kuchomelea vyuma, amesimama katikati ya karakana yake mwenyewe, mkono juu, nyundo mkononi. Chini ya nyundo ilikuwapo darubini mpya inayong'aa, ile ya kufunga juu ya bunduki. Si yake. Haijalipiwa. Na mwenyewe yupo palepale, ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, chai imemsimama kooni.

Huyo mwenyewe ni muuza bunduki na vikorokoro vyake. Mtaani wanamwita Leo Tu, kwa sababu tangu afungue duka hajawahi kutaja bei bila kuongeza kwamba bei hiyo ni ya leo tu.

Nyundo ikashuka.

Leo Tu akafumba macho. Pini, mdogo wake Cheche, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko sindano zake, akaruka mbele akachelewa. Mama yao, aliyepewa kiti pekee chenye miguu yote, hakuruka popote. Aliinua kikombe tu, chai isimwagike.

Pu.

Siyo kang'. Pu. Nyundo ilikuwa ya mpira.

Cheche akawatazama mmoja mmoja kwa uso wa mtu aliyesingiziwa. Akaeleza, bila haraka, kwamba bunduki ikilia inarusha teke, na darubini isiyovumilia teke ni pambo la sebuleni. Yeye alikuwa anaigonga kidogo tu, awaoneshe kwamba alichokichagua ni chuma cha kweli. Akainama achungulie, athibitishe.

Akakaa ameinama. Akaendelea kukaa ameinama.

"Vipi?" Pini akauliza.

"Subiri."

Basi na asubiri, tumsaidie aliyeanza kusoma leo.

Baba yao amefariki, akaacha vitu vingi vya kugawana na kimoja kisichogawanyika: bunduki yake ya shabaha. Kibali cha bunduki hukaa kwenye jina la mtu mmoja, huwezi kuandikisha mtutu kwa kaka na kitako kwa dada. Cheche anaapa Baba alimwahidi yeye. Pini anaapa Baba alimwahidi yeye. Ukimkumbuka marehemu alivyopenda kumfurahisha kila aliyekaa mbele yake, utakubali kwamba wote wawili wanasema kweli.

Kwa Cheche, bunduki ni heshima ya mtoto wa kwanza. Kwa Pini ni mlango. Klabu ya shabaha imemwambia kazi ya ukufunzi ni yake, ila mkufunzi lazima awe na bunduki kwa jina lake. Asipoipata hii, anarudi kuinamia cherehani na kuwapunguzia watu suruali mpaka mgongo ukatae kunyooka.

Kikao cha ukoo kikakaa, kikabishana, kikala, kikaamua: Jumamosi hii wapige wote wawili kwenye uwanja wa klabu, bamba la chuma, mita mia nane. Atakayeligonga mara nyingi zaidi ndiye mwenye bunduki. Lakini bunduki ni ileile moja, na darubini yake ya zamani ilishapasuka kioo, kwa hiyo inabidi wanunue nyingine, moja, wakubaliane wote wawili, kwa hela kidogo iliyobaki kwenye michango ya msiba. Hela hiyo Mama ameitia kwenye pochi, iliyo ndani ya pochi, iliyo ndani ya mkoba.

Aliyebuni mpango wa kuwafanya wapinzani wawili wachague kitu kimoja ni Baba Mkubwa. Baada ya kubuni, akasafiri.

Ndani ya mkoba huohuo wa Mama limo pia komeo la bunduki, kile chuma cha nyuma ambacho bila hicho bunduki ni mchi tu wenye tundu. Mama alilichomoa mwenyewe asubuhi, akalifunga kwenye leso. Alisema anawapenda wanawe wote wawili na angependa kuendelea kuwa nao wote wawili.

Sasa turudi kwa Cheche, maana mgongo utamuuma.

Bunduki ilikuwa imebanwa kwenye jiriwa la karakana, imezungushiwa matambara isikwaruzike. Ng'ambo ya ua wa karakana, ukutani, Pini alikuwa amebandika kipande cha shuka kwa pini zake, amekichora mistari kwa chaki ya kushonea. Ukichungulia ndani ya darubini unaona msalaba mwembamba, na msalaba huo ulikuwa umekaa sawasawa kwenye mstari wa kati. Kabla ya nyundo.

"Umesogea," Cheche akasema, kwa sauti ya chini kabisa.

Leo Tu akadai ni hali ya hewa.

Pini akamsukuma kaka yake kwa nyonga, akapapasa darubini, akazungusha hiki na kile, akachungulia. Msalaba umeuacha mstari wa kati, umehamia kwa jirani. Akawaambia kwamba hapa uani ni upana wa kidole, lakini mita mia nane huko kidole kinageuka kuwa mlango mzima, na kama hii ndiyo darubini ya Jumamosi, basi bamba litarudi nyumbani jipya kama lilivyokuja.

Cheche hakukubali kufa mapema. Alisema hata hivyo inakuza mara thelathini, na kwa hela ileile hupati nyingine inayokuza mara thelathini.

"Ndiyo maana haina kitu kingine, Kaka. Hela yote imeishia kwenye kukuza."

Akaendelea kumweleza, na nitakufupishia kwa sababu Pini akianza hamalizi. Mchana jua linachemsha ardhi, hewa inacheza juu ya uwanja. Ukikuza mara thelathini, unakuza na mchezo wa hewa. Bamba linakata kiuno mbele yako, wewe unabaki kulitafuta kwa risasi.

Mama akauliza kama ina maana watu wanalipa hela yote hiyo ili waone chuma kinacheza. Leo Tu akanywa chai.

Akaiweka ile ya kung'aa pembeni, akatoa ya pili. Hii aliitoa taratibu, kama mtu anayefungua pazia, akabonyeza kitufe. Msalaba ukawaka mwekundu.

Uso wa Cheche nao ukawaka.

Ikafungwa juu ya bunduki. Ikagongwa pu, haikusogea. Ikakuza kwa kiasi, haikuchezesha chochote. Bei ilikuwa ya leo tu na pochi ya Mama iliimudu, ikabaki na sarafu za kusindikizana. Cheche alishanyoosha mkono wampongeze.

Pini akaomba dakika moja. Akazungusha kitufe cha juu, tik, tik, tik, jicho kwenye kioo, mdomo unahesabu. Akazungusha tena. Akainua kichwa akiwa na sura ya mtu aliyekuta unywele kwenye chakula.

Tatizo lilikuwa hivi. Ndani ya kioo kuna vialama vidogo vya kupimia: risasi ikipita chini kwa alama moja, unajua umekosa kwa kiasi gani. Nje kuna vitufe vya kuzungusha ili kusahihisha. Kwenye hii, alama za ndani zilihesabu kwa kipimo kimoja na vitufe vya nje kwa kipimo kingine. Vyote sahihi. Ila havijuani.

Cheche akasema atakariri, haoni shida iko wapi.

Pini akavua utepe wake wa kupimia shingoni, akamwekea mbele ya pua. Upande mmoja inchi, upande wa pili sentimita.

"Mteja kaja, kiuno thelathini na mbili kwa inchi. Mimi nimekata thelathini na mbili kwa sentimita. Kaka, atavaa nini?"

Cheche akafikiri kwa uaminifu kabisa.

"Kofia," akasema.

Mama akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Leo Tu naye akacheka, kisha akakumbuka ni bidhaa yake, akaacha. Hata Cheche mwenyewe alitabasamu upande mmoja, akazima ile taa nyekundu kwa mkono wake kama anayemfumba macho maiti.

Hapo ukawa umebaki ugomvi tu wa Pini na kaka yake. Darubini hazikuwapo tena. Au ndivyo Leo Tu alivyotaka waamini, kwa sababu alianza kufunga begi lake kwa haraka ambayo haikuwa ya kawaida yake.

"Anko," Pini akamwita, "na hiyo iliyovaa soksi?"

Leo Tu akaangalia begi kama begi la mtu mwingine. Ndani kulikuwa na soksi ya kijivu imetuna. Akasema hiyo si ya kuuza. Akasema ni ya kuuza lakini haiwafai. Akasema ni mtumba, aliiacha mteja aliyenunua kubwa zaidi, inakuza mara kumi tu na hapohapo ilipo, haipandi wala haishuki. Kila alivyozidi kuiponda, Pini alizidi kuvuta soksi.

Ilikuwa imekwaruzika ubavuni, rangi imepauka, vitufe vizito. Lakini vioo vilikuwa safi kama macho ya mbuzi. Na kwa nini Leo Tu aliificha? Tuseme tu kwamba faida ya mtumba haijengi nyumba.

Wakaifunga. Pini akazungusha juu, akazungusha kulia, akazungusha chini, akazungusha kushoto, kila upande idadi ileile ya tiki. Msalaba ukatembea juu ya shuka ukachora mraba, ukarudi kwenye mstari ulipoanzia. Akaizungusha tena kinyume. Ukarudi. Cheche akaigonga pu, akaigonga pu pu, akaigonga na ya tatu yenye kinyongo. Haikutikisika.

"Hii ndiyo yenyewe," Pini akasema. "Kaka, njoo uone."

Cheche akaja akaona.

"Ukungu."

"Ukungu gani tena?"

"Ukungu mtupu. Umenichezea tena."

Hapo vita vikarudi upya, vikali kuliko vya mwanzo. Cheche akapapasa darubini, akachungulia, akasema sasa ni safi kabisa, ni wazi kwamba mdogo wake anaiharibu kila akimwachia. Pini akachungulia, akaona maziwa. Akapapasa, ikawa safi. Cheche akachungulia, ukungu. Akamwambia Pini ana mkono wa kijicho. Pini akamwambia hata kama ni kijicho, anaanzia wapi kumwonea mtu kijicho ambaye shati lake anamshonea yeye. Leo Tu akaapa kwa biashara yake kwamba bidhaa ni nzima, na kwa kuwa biashara yake wote wanaijua, kiapo hakikusaidia.

"Nyamazeni."

Ilikuwa Mama. Hakuinua sauti. Mama huyu hajawahi kuinua sauti tangu wawe wadogo, na ndiyo maana wanamwogopa.

"Nimekaa hapa nawatazama. Huyu akitoka, yule haoni. Yule akitoka, huyu haoni. Na kila mmoja akifika, kabla hajachungulia, kwanza anashika pale nyuma, anazungusha. Mnazungusha nini?"

Wakatazamana. Pini akasema yeye huzungusha ile pete ya nyuma kidogo tu, mpaka ikae vizuri. Cheche akasema hata yeye huzungusha ile pete ya nyuma kidogo tu, mpaka ikae vizuri.

Leo Tu akajipiga paji la uso. Akawaeleza kwamba ile pete si ya darubini, ni ya jicho. Kila mtu na jicho lake, unaizungusha mara moja mpaka msalaba usimame wazi, basi, huigusi tena. Hawa wawili wamekuwa kama watu wanaopokezana baiskeli moja, mmoja anapandisha kiti, mwingine anashusha, halafu wanalaumiana kwamba baiskeli ni fupi.

Kwa hiyo hapakuwa na mchawi. Asubuhi nzima hapakuwa na mchawi. Pini alishaanza kucheka, na laiti Leo Tu angekunywa chai yake kimya, mambo yangeishia kwenye kicheko.

Lakini Leo Tu akamtaka kila mmoja aizungushe pete mpaka aone vizuri, akainama kuangalia inapoishia.

"Ya binti iko karibu na katikati," akasema. "Ya kwako, fundi, iko mwisho kabisa. Ingebaki uzi mmoja idondoke. Huku huwa wanafika watu wa miwani."

Cheche akaifunika pete kwa kiganja.

Cheche akasema yeye havai miwani. Wakamwambia wanajua. Akasema macho yake ni mazima, yanachomelea bati kwa bati. Pini akamkumbusha kwamba bati linakaa puani pake. Akasema anaona mpaka barabarani.

"Sawa, baba," Mama akasema. "Na yule amesimama getini ni nani? Amefika muda mrefu, hatujamkaribisha."

Cheche akageuka kuelekea getini. Akakunja macho. Akarekebisha shati.

"Karibu, kaka. Ingia tu ndani, nakuja kukusikiliza."

Mgeni hakujibu.

"Karibu, hapa ni kwako."

Pini alikuwa ameshaziba mdomo kwa mikono miwili. Getini palisimama mtungi wa gesi wa kuchomelea. Umevikwa ovaroli ya Cheche mwenyewe, aliyoianika juu yake asubuhi.

Hata wewe ungecheka. Leo Tu alicheka mpaka ndoo ikamtoka chini. Cheche alisimama katikati ya kicheko, masikio yamemchemka, na alipofika getini kuhakikisha, akauvua ule mtungi ovaroli kwa hasira kana kwamba ndio uliomdanganya.

Aliporudi, Pini alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa amefikiri. Ukitaka ukweli, alifikiri mambo mawili. La kwanza lilikuwa baya: kaka yake haoni mbali, basi Jumamosi kazi ni yake. La pili lilikuja nyuma yake polepole: ndiyo maana alililia kukuza mara thelathini. Hakutaka kushinda. Alitaka tu kuliona bamba.

Akamshika mkono, akampeleka kwenye jiriwa. Akamwambia azungushe pete mpaka aridhike, asiogope kufika mwisho. Cheche akazungusha. Akachungulia. Akasema kwa mara kumi zile tu anaziona nyuzi za shuka, moja moja. Anaiona mpaka ile pini iliyopinda.

Pini akatoa rangi ya kucha kwenye mkoba wake, akaweka doa jekundu kwenye pete, pale pa Cheche. Akarudisha mpaka pale pake, akaweka doa la pili. Zamu yako, doa lako. Zamu yangu, doa langu. Ugomvi wa asubuhi nzima ukamalizwa kwa kibrashi.

Bei ikabaki. Leo Tu akaitaja, akasema ni ya leo tu. Mama akamuuliza, shemeji, ya leo saa ngapi, maana leo bado ndefu na sisi hatuna haraka, chai ipo. Sitakuchosha na yaliyofuata. Leo Tu aliingia kwenye mazungumzo yale akiwa mfanyabiashara, akatoka akiwa ametoa na vishikio vya chuma vya kufungia darubini kama nyongeza, na soksi. Hela iliyosalia ilitosha risasi za kujaribia na za siku yenyewe, jambo ambalo ile ya kung'aa isingewaachia hata harufu.

Mama akafunga pochi ndani ya pochi. Leo Tu akafunga begi lake, akawa anatafuta kiatu kimoja kilichomtoka wakati wa kuanguka. Pini akaenda ukutani kushusha shuka lake, pini anazibana mdomoni moja moja. Rohoni alikuwa ameshafika klabu, ameshavaa fulana ya ukufunzi, ameshawaambia wanafunzi wake wasiguse pete.

Cheche akamfuata. Akasimama nyuma yake, akawa anakuna kucha.

Akamuuliza Jumamosi msomaji wake ni nani.

Msomaji, kwa usiyejua, ni mtu anayelala chini pembeni ya mpigaji na darubini kubwa ya miguu mitatu. Anatazama majani yanavyoinama huko mbali, anatazama vumbi la risasi, anakwambia upepo ni kiasi gani na uzungushe tiki ngapi. Klabu inamruhusu kila mpigaji awe na mmoja. Mita mia nane bila msomaji unapiga, lakini unapiga kwa kubahatisha.

Pini akajibu, pini mdomoni, kwamba amempata mwenzake wa klabu. Akamuuliza na yeye je.

Cheche akasema hana. Akasema Leo Tu amejitolea, lakini anaogopa atampa upepo wa leo tu, na yeye anapiga Jumamosi. Walicheka kidogo wote wawili. Halafu Cheche akaacha kucheka.

Akasema miaka yote aliyopiga, aliyekuwa anamsomea ni Baba. Watu walimsifu kwamba Cheche anaujua upepo. Cheche hajawahi kuyaona yale majani hata siku moja. Alikuwa anasikia sauti tu sikioni, kushoto kidogo, mwanangu, subiri, haya sasa, naye anavuta. Hakumwambia mtu. Baba naye hakumwambia mtu. Na tangu Baba aondoke hajaweza kumwamini mtu mwingine kumwambia "haya sasa."

Leo Tu akaacha kutafuta kiatu. Mama akageuza kiti.

"Kaka," Pini akasema, akitoa pini mdomoni moja baada ya nyingine, "mbona unaniambia mimi? Mimi ndiye ninayeshindana na wewe. Ukikosa ndiyo napata kazi."

"Najua."

"Nikikwambia kushoto na upepo ni wa kulia, hutajua."

"Najua, mdogo wangu. Ndiyo maana naomba. Jumamosi nikilala pale chini, nisomee wewe."